Kitalu cha njia ya Raskazone: miche safi, vyungu vina kasoro

Wenzangu wa Lushoto mnaopenda maua ya pwani, kipo kitalu Tanga mjini, njia ya kwenda Raskazone, ambako kabla hujauliza bei mzee mwenyewe anakuuliza mche unakwenda kuishi wapi. Nilipotaja Lushoto, akaurudisha chini mrehani nilioushika. "Huu Julai hauuoni, mwanangu. Chukua mshubiri, chukua waridi. Asumini nao sawa, mradi usiku uuingize ndani." Muuzaji anayeikataa hela yako mkononi, msikilize.

Huku juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, baridi ya Juni mpaka Agosti haina mchezo, na mche wa chunguni ndio unaoumia kwanza: mizizi inapigwa baridi pande zote, haina ardhi ya kuikinga. Kwa hiyo mzee anauza pia vipande vya magunia ya katani, vimekatwa kwa kipimo. Unakizungushia chungu chenyewe, unafunga kamba, kisha unakipandisha juu ya matofali kando ya ukuta unaopata jua la asubuhi. Maji ni asubuhi tu, tena mpaka uchomeke kidole na udongo uwe mkavu. Hilo alilirudia mpaka nikacheka: baridi na maji vikikutana, mizizi inaoza. Mbolea ngoja joto lirudi. Asumini wangu umevuka Agosti. Majani machache yaligeuka njano, basi.

Sasa hivyo vyungu vya udongo. Sura nzuri, lakini tundu la chini hata kidole cha mwisho hakipiti. Kimoja nilikimwagilia asubuhi, jioni maji bado yametuama juu. Baada ya somo lote lile la mizizi kuoza! Nililitanua kwa msumari, polepole, maana vinapasuka upesi. Vya plastiki vina matundu ya kutosha na ni vyepesi kubeba kwenye basi, ila havina sura.

Bei hazijaandikwa popote, ni kupatana. Kufungasha wanajua: udongo wangu haukumwagika hata kwenye zile kona za kupanda kutoka Mombo. Nendeni asubuhi. Mchana mzee anakwenda kupumzika, na kwa kijana anayebaki dukani hakuna mche usiovumilia baridi.