.45-70 au .30-06 kwa bunduki ya marisau?

Mzee jirani yangu hapa Tabora ana bunduki ndogo ya marisau, geji 20 (kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili. Anataka fundi aigeuze iwe raifo, na anasitasita kati ya aina mbili za risasi, .45-70 na .30-06.

.45-70 ilianza 1873, jeshini Marekani. Nene, nzito, mwendo wake wa taratibu, na kitako cha ganda kina ukingo uliotokeza. Ukingo huo ni mali: bunduki ya kukunja, inayovunjwa katikati ili kupakiwa kama hiyo ya mzee, huudaka na kulisukuma ganda nje bila taabu. .30-06, ya 1906, haina ukingo wa namna hiyo. Inataka kidude cha springi cha kulinasa ganda, na vidude vya namna hiyo hupenda kugoma. Inafika mbali zaidi, sawa, lakini ndani ya miombo unaona mbali gani?

Kubwa ni shinikizo la gesi ndani ya bunduki risasi inapolipuka. Geji 20 kikomo chake ni pauni 12,000 kwa inchi ya mraba; .45-70 ni 28,000, .30-06 ni 60,000. Hiyo ya pili nisingeisogelea. Hata ya kwanza inapita mara mbili, tena kibali alichonacho ni cha marisau. Mzee wangu, nilimwambia, uza hiyo, ukatafute raifo iliyotoka kiwandani.