Duka la vioo la Ngamiani: kioo safi, mkono mzuri, ila saa zao wanazijua wenyewe

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kioo cheupe cha milimita 4, upana futi moja na nusu kwa urefu futi mbili, nimekatiwa kwa shilingi 10,500, yaani futi ya mraba ni 3,500. Fundi wa kuja kukipachika nyumbani, pamoja na kutoa kioo kibovu, kukwangua kutu, rangi ya kuzuia kutu na puti, 20,000. Bajaji ya kumleta na vifaa vyake ilikuwa juu yangu. Risiti hupewi mpaka uombe, na ukiomba unaandikiwa kwenye karatasi ya daftari. Nawapa nyota nne kwa tano, na hiyo moja niliyoinyima nitaieleza.

Duka halina jina. Kibao kimeandikwa kwa brashi tu: VIOO, FREMU ZA PICHA. Liko Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye zile barabara za namba, na ukifika ukauliza "kwa mzee wa vioo" hata watoto wanakuonyesha.

Mwenye madirisha ya alminiamu ya kuteleza, haya hayakuhusu sana. Kwake kioo kimeshikwa na raba, fundi yeyote wa alminiamu atakibadilisha. Naandikia sisi wa nyumba kongwe, za Chumbageni, Bombo na Raskazone, wenye madirisha ya chuma yanayofunguka kwa nje, vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa na puti. Nyumba yetu ni ya marehemu baba, aliyekuwa mtu wa Reli, na madirisha yake yako vilevile tangu aliponunua. Kioo kimoja cha sebuleni kilianza ufa kwenye kona ya chini, pasipo jiwe wala mpira. Ufa ukapanda kidogo kidogo hadi katikati. Kisha likaja kusi la mwezi wa saba, dirisha likajipiga ukutani, nusu ya kioo ikashuka kwenye maua.

Kwanza nilikwenda kwa mafundi wengine ambao sitawataja. Sikuona mtu akishika futikamba. Kijana aliangalia picha kwenye simu yangu akasema, "Mama, haya yamepitwa na wakati, tung'oe yote tukuwekee alminiamu." Nikamwambia nimekuja kwa kioo kimoja. Akanipigia hesabu ya dirisha zima, kubomoa na kuziba ukuta juu yake, kwa fedha ambayo ningepeleka mjukuu shule ya bweni. Sina ugomvi na alminiamu, haishiki kutu kwa chumvi yetu hii, hilo nalikubali. Lakini dirisha la kuteleza likifunguliwa lote, nusu yake bado imezibwa na kioo kile cha pili. Dirisha la chuma linafunguka lote, na ile mbawa inaukamata upepo wa baharini na kuuingiza ndani. Mwezi wa pili hapa Tanga, umeme ukikatika, utaijua tofauti hiyo usiku.

Basi nikaenda kwa mzee wa vioo. Ukiingia, vioo vyote vimesimamishwa vikiegemea ukuta, vimelala kidogo tu, na kati ya kioo na kioo kuna gazeti. Nilidhani ni la kuzuia visikwaruzane. Ni hivyo, lakini aliniambia la zaidi: vioo vikibanana kwenye unyevu kama huu wa kwetu, maji yananaswa katikati, vinaota ukungu mweupe ambao hata ufute na siki hautoki. Akanionyesha kipande kilichokaa hivyo, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Kwa hiyo ukinunua kioo popote, kiangalie kwa ubavu kwenye mwanga kabla hujalipa. Duka ninalolijua mimi jingine, vioo vyao vimelala chini vimebebana, na mteja hapewi nafasi ya kugeuza.

Vipimo nilikwenda navyo mwenyewe na akavikataa, kwa adabu. "Bi mkubwa, mimi sikati mpaka nipime mwenyewe. Nikikosea mimi, hasara yangu. Ukikosea wewe, tutagombana." Akamtuma kijana wake siku hiyohiyo. Kijana akapima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, akapima na urefu vivyo hivyo, kisha akapima kona kwa kona kuona kama fremu imepinda. Akaandika kile kipimo kidogo kuliko vyote, na duka wakapunguza milimita 3 kwenye upana na milimita 3 kwenye urefu. Kioo hakitakiwi kubana kwenye chuma. Chuma kikipata jua kinatanuka kuliko kioo, na fremu nayo hutikisika kila ukifunga dirisha.

Suala la unene tulibishana kidogo. Kile cha zamani kilikuwa cha milimita 3, na cha 3 kipo, bei nafuu kidogo. Mzee akasema kwa dirisha linalotazama bahari nichukue 4. Uzito unaongezeka, maana kila milimita moja ya unene ni kilo mbili na nusu kwa mita ya mraba, lakini kwa kioo kidogo kama changu jumla haifiki hata kilo tatu, na bawaba za chuma zinabeba bila kunung'unika. Nikamsikiliza.

Kukata nilisimama nikatazama, na hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Meza imetandikwa zulia kuukuu. Akalaza kioo, akakifuta kwa kitambaa kikavu taratibu sana, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya almasi, yaani kile kifaa cha kukatia kioo, inaupotosha mstari. Akachovya almasi kwenye kizibo cha soda chenye mafuta ya taa. Akaweka rula ya mbao, akabonyeza kwa vidole vya mkono wa kushoto, akavuta kutoka ukingo wa mbali hadi kifuani kwake, mvuto mmoja, sauti nyembamba ya kukwaruza isiyokatika. Kijana aliona mahali mstari umefifia akataka kupitisha tena. Mzee akamshika mkono. Mstari haurudiwi, ukirudiwa almasi inakufa na kioo kinakatika kinakotaka chenyewe. Kisha akakisogeza hadi mstari ukawa sambamba na ukingo wa meza, akashika kipande cha nje kwa viganja viwili, akabonyeza chini. Tak. Hakuna kidonda hata kimoja kwenye ukingo. Akasugua makali kwa jiwe la kunolea lililolowa maji, akakifunga kwa gazeti na kamba ya katani. Tanga bwana, katani haikosekani.

Nikiwa pale akaja mtu na kioo cha meza, kile kigumu, anataka kipunguzwe kidogo kiingie kwenye meza ndogo. Wakamrudisha. Kioo kilichopikwa kwa moto kikapozwa ghafla hakikatwi tena. Ukijaribu kukikata kwa almasi chote kinasambaratika vipande kama punje za mahindi. Kinakatwa kwanza, ndipo kinapikwa. Yule bwana hakuridhika, akaondoka akisema atatafuta wenye mashine kubwa. Nilipenda kwamba hawakumla hela yake.

Sasa siku ya kupachika. Nyota moja ilipotelea hapa. Niliambiwa saa mbili asubuhi. Saa tatu napiga simu, haipokelewi. Saa tano inapokelewa, "Niko njiani mama." Adhuhuri imeadhiniwa, fundi hajaonekana. Alipofika jua limeshageuka, na salamu zake nyingi na shikamoo ndefu, huwezi hata kumgombeza. Mwanamke anayefanya kazi ofisini angepoteza siku nzima ya ruhusa. Kama mnasoma haya, wenye duka, semeni tu "nitakuja baada ya adhuhuri", sisi tutapika wali wetu kwa raha.

Ila alipoanza kazi, nilinyamaza. Grili na wavu wa mbu viko ndani, kwa hiyo kazi yote ni ya nje, na kwangu ni chini. Mwenye ghorofa ajiandae na ngazi. Alivaa glavu za ngozi, akabandika gazeti lenye gundi kwenye kioo kilichobaki ili vipande visiruke, akavitoa kimoja kimoja kuanzia juu. Puti ya zamani imekuwa jiwe. Akaigonga kwa tindo ndogo, pole pole, na kila inapobanduka chini yake kuna kutu ya matabaka, unaweza kuiokota kama magamba ya samaki. Kwenye ile kona ya ufa kutu ilikuwa nene kama kidole changu kidogo. Akaniita nione. Chuma kikiliwa na kutu kinavimba, ile kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na haina pa kwenda ila kukisukuma kioo. Kinasukumwa miaka, mwisho kinapasuka kwenye kona. Upepo ulimalizia tu.

Hapo ndipo ilipokwenda ile elfu ishirini. Kupachika kioo chenyewe hakukumchukua muda. Alasiri karibu yote alikuwa anakwangua mfereji wa fremu, patasi, brashi ya waya, msasa, hadi chuma kikaonekana cheupe, kisha akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke kabisa kabla hajagusa puti. Ukipata fundi anayekutajia elfu nane, muulize kama bei hiyo ina kukwangua. Asipokwangua, kioo kipya kinakaa juu ya kutu ileile.

Puti ni ile ya unga wa chaki na mafuta ya kitani. Ile ya ukutani ya kusawazishia kabla ya rangi haifai, msikubali kubadilishiwa. Aliikanda mkononi mpaka ikalainika, akatandaza ukanda mwembamba kwenye mfereji, akakibonyeza kioo kwa pembeni, kamwe si katikati. Akatia vibanio vidogo vya waya kwenye matundu ya fremu, maana kinachokishika kioo mwanzoni ni hivyo, puti bado laini. Halafu ukanda wa nje, akaukata kwa kisu kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke yasitulie. Zile alama za mafuta kwenye kioo akazisugua kwa unga mkavu wa chaki, zikaisha.

Maagizo aliyoacha: usifunge dirisha kwa nguvu, usipake rangi mpaka puti iote ngozi, wiki moja mbili hivi, na ukipaka, rangi ipande kidogo juu ya kioo, milimita mbili, ili maji yasipate mlango. Na kunguru. "Wachunge kunguru, mama, wanaipenda puti mbichi kwa mafuta yake." Nilicheka. Kesho yake asubuhi nikamkuta mmoja kwenye kizingiti anadonoa kama yuko harusini. Nimefunika kwa kanga kuukuu.

Lawama ndogo: unga wa kutu aliuacha barazani, nikaufagia mimi. Vipande vya kioo alivifunga vizuri kwenye boksi, hilo nampa, lakini akaniachia mimi boksi. Nimeandika juu yake KIOO kwa kalamu nene kwa ajili ya vijana wa taka.

Kioo chenyewe kinavyoonekana: kimenyooka mno! Vya zamani vilivyokizunguka ni vya kuvutwa kiwandani kioo kikiwa bado laini, vina mawimbi. Ukitembea sebuleni mwarobaini wa nje unacheza ndani yake. Hiki kipya ni cha kuelea, kimiminika cha kioo kinamwagwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, ndiyo maana kinatoka bapa, mtindo ambao Pilkington wa Uingereza waliutangaza 1959. Mzee anasema shehena yake hii imetoka kiwanda cha Mkuranga, mkoa wa Pwani, kilichozinduliwa 2023, na kwamba siku hizi hasubiri sana mzigo. Dada yangu hapendi, anasema dirisha limekuwa na jicho moja geni. Mimi nimeshazoea.

Vioo vya maua vya bafuni wanavyo pia, aina chache tu, na msitegemee kupata ua lilelile la zamani. Nenda na kipande. Ijumaa wanafunga mapema na hawarudi hata kama wamesema watarudi. Luva, vile vioo vyembamba vya dirisha vya kupangwa, hawana kabisa. Chumba cha uani kwangu kimepungukiwa mbili, nimeelekezwa kwa mtu wa Makorora, nikishaenda nitawaambia.