Miezi mitano na darubini ya laki mbili na themanini, Wete

Nianze na boksi, maana ndilo lililonitia hasira. Nje limechorwa sayari ya Zohali yenye pete pana kama sinia, na pembeni maandishi makubwa: inakuza mara 525. Ndani mna bomba la lenzi ya milimita 70, fokasi (umbali toka lenzi hadi mwanga unapokutana) milimita 700, lenzi za jicho tatu (fokasi zake milimita 20, 12.5 na 4) na kipande cha kuzidisha ukuzaji mara tatu. Hiyo 525 wameipata kwa kugawa 700 kwa 4, kisha mara tatu. Hesabu haina kosa, ila ukichungulia unaona ukungu unaotikisika. Lenzi ya upana huu ikishapita mara 140 hivi haina jipya la kukuonesha. Kile kipande nimewaachia watoto.

Niliinunua Dar mwishoni mwa Agosti 2025, ikaja Pemba kwa boti. Usiku wa kwanza, baada ya Isha, nikailenga Zohali. Nikaona punje ya mtama iliyochomwa sindano. Pete hakuna! Nikabadilisha lenzi, nikakaza, nikalegeza, wapi. Usiku ule ule nikamwandikia muuzaji maneno ambayo sitayarudia hapa.

Asubuhi nikamhadithia ami yangu, mwalimu wa fizikia mstaafu. Hakunijibu. Aliingia jikoni akatoka na sinia, akaliinua usawa wa macho yangu. "Unaona sinia au unaona mstari?" Nikasema mstari. "Basi na Zohali mwaka huu imekuelekezea ukingo." Pete zile ni pana mno lakini nyembamba, na kila baada ya miaka 15 hivi hutugeukia ubavu. Tarehe 23 Machi 2025 dunia ilipita kwenye usawa wa pete hizo, na mwaka mzima zikabaki zimelala. Nilimwomba radhi muuzaji.

Usiku wa 7 Septemba ndio ulionilipa pesa yangu. Mwezi ulipatwa wote, na kwa lenzi ya 20 unaenea mzima ndani ya duara. Saa 1:27 kivuli kilianza kuumega ukingoni, saa 2:30 ulikuwa umezama wote, rangi ya shaba kuukuu, mpaka saa 3:52. Waliotoka msikitini kwenye sala ya kupatwa wakapanga foleni uani kwangu. Bibi mmoja alitazama, akainua kichwa kuutazama kwa macho, akainama tena: "Mbona humu umegeuka?" Kweli, kioo cha kupindia mwanga kinabadilisha kulia na kushoto. Unazoea.

Ubaya mkubwa ni miguu ya darubini. Ni myembamba, upepo wa kusi ukivuma kidogo tu nyota inacheza ngoma. Nimening'iniza pakacha la mawe katikati ya miguu, ikatulia kiasi, lakini ukigusa tu kifundo cha kurekebishia inabidi usubiri picha itulie. Kile kidarubini cha kulengea kirekebishe mchana kwa ncha ya mnara wa simu wa mbali, gizani utalia. Na jua usilitazame nacho wala na bomba lenyewe, utapofuka.

Kijitabu kinashauri uvae koti zito kwa sababu Januari ni baridi. Huko kwao. Huku Januari ni kaskazi, nakaa uani na kikoi na jasho. Kinachotusumbua sisi ni umande na chumvi. Niliifuta lenzi mara moja kwa upindo wa kikoi, mchubuko upo hadi leo.

Januari 2026 sayari ya Mshtarii iling'aa usiku kucha, na lenzi ya 12.5 ilionesha miezi yake minne, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Ule wa ndani, Io, huizunguka kwa saa 42 hivi. Ukiuchora kwenye daftari baada ya Isha, kabla ya kulala ushahama.

Kwa sayari na mwezi, taa za Wete hazina madhara. Ila kwa Kilimia, lile kundi la nyota, darubini niliipeleka ufukwe wa Vumawimbi, nyuma ya msitu wa Ngezi, kwenye giza la haki. Kwa macho nahesabu nyota sita, saba nikijikaza. Kwenye lenzi ya 20 niliacha kuhesabu, na bado kundi zima halikuenea.

Darubini naipa nyota tatu kati ya tano. Moja nimekata kwa ajili ya miguu, moja kwa lile boksi.