TrueCrypt: nimeihama shingo upande

Mie hupiga picha za harusi hapa Mkunazini, na picha za ukumbini kwa wanawake si za kuonwa na kila mtu. Diski yangu niliifunga kwa TrueCrypt, programu ya kompyuta ya kufunga diski kwa nywila. Waliounda programu hiyo waliitupa Mei 2014. Toleo la mwisho, 7.2, likawa la kufungulia tu, si la kufunga diski mpya, nami nikang'ang'ania la kabla yake, 7.1a. Ukaguzi wa programu hiyo wa 2015 haukukuta mlango wa siri wa kupenyezea mtu. Nikatamba! Mwaka huohuo yakaonekana matundu mawili ya usalama upande wa Windows, na fundi wa kuyaziba hayupo.

VeraCrypt, programu ya bure iliyotokana na TrueCrypt, iliyaziba. Kufungua diski huchukua muda, chai yapoa. Ila kuanzia toleo la 1.26 haisomi diski za TrueCrypt. Nilishusha kwanza 1.25.9, nikahamisha harusi mojamoja mpaka alfajiri.