AMD EPYC 9654 kwenye klasta ya hesabu nzito: kori 96, lakini memori ndiyo inayoamua

Wengi wanaokiulizia kichakataji hiki huvutiwa na idadi ya kori: 96 kwenye soketi moja (nafasi ya kichakataji kwenye ubao), 192 kwenye seva ya soketi mbili. Kilitoka Novemba 2022, na kwa klasta (seva nyingi zilizounganishwa) ya chuo au taasisi ya utafiti ni chaguo zuri sana. Ila anayepanga nodi zake, yaani seva za klasta, aanze na memori, kori zifuate.

Kina chaneli 12 (njia za kufikia memori) za DDR5-4800, kwa hiyo kasi ya juu kabisa ya memori ni GB 460.8 kwa sekunde. Ukizigawia kori zote, kila moja inapata GB 4.8. Upande wa hesabu, kila kori hufanya operesheni 16 za biti 64 kwa mpigo mmoja wa saa. Kwa GHz 2.4 za msingi soketi inafika kama teraflopsi 3.7 (operesheni trilioni 3.7 kwa sekunde). Yaani kila operesheni nane zinaletewa baiti moja tu, na namba moja ya biti 64 ni baiti nane nzima! Programu za kuzidisha matriksi hazioni shida, kwa kuwa zinarudia data ileile ikiwa kwenye kashe, memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya kichakataji. OpenFOAM (mtiririko wa maji na hewa) na WRF (utabiri wa hali ya hewa) zinakwama kwenye memori hata kabla ya kori zote kupata kazi.

Ndiyo maana kununua vijiti vinane vya memori vya GB 64 ni hasara. GB 512 zinapendeza kwenye ankara, lakini theluthi ya kasi imekwenda: zimebaki GB 307.2 kwa sekunde. Jaza chaneli zote 12, vijiti vya aina moja na ukubwa mmoja, hata kama ni vya GB 32. Chagua pia ubao wenye nafasi moja kwa kila chaneli. Wa nafasi mbili ukijazwa, memori inashuka chini ya 4800.

Ufungaji unataka subira. Soketi ya SP5 ina pini 6096, na skrubu za kipoza joto zikikazwa upande mmoja kwanza, mgandamizo hauwi sawa na chaneli moja au mbili hupotea. Seva itawaka kama kawaida, hivyo hakuna atakayeshtuka. Endesha amri ya `dmidecode -t memory`, hesabu vijiti, kisha pima kwa STREAM, programu ya kupima kasi ya memori. Matokeo yakiwa chini ya asilimia 70 ya kasi ya juu, kuna kasoro ya kutafuta.

Kwenye BIOS weka NPS4 (mpangilio wa kuigawa soketi), upate mafungu manne ya kori 24 na chaneli tatu kila moja, na uzime SMT, inayoifanya kori moja iendeshe nyuzi mbili. Ndani, kori zimekaa katika makundi 12 ya kori nane, kila kundi na kashe yake ya MB 32. Mpangilio unaolingana na umbo hilo ni mchakato mmoja wa MPI (mfumo wa michakato kupelekeana ujumbe) kwa kila kundi, nyuzi nane za OpenMP (mfumo wa nyuzi zinazotumia memori moja) ndani yake. Kwa Open MPI: `--map-by ppr:1:l3cache:pe=8`, pamoja na `OMP_NUM_THREADS=8` na `OMP_PROC_BIND=close`. Nyuzi zikiachwa zihamehame, kashe hiyo haina faida.

Kadi ya InfiniBand, mtandao wa kasi unaounganisha nodi, ya gigabiti 400 inataka nafasi ya kadi ya PCIe 5.0 yenye njia 16. Ikichomekwa kwenye 4.0 inapata kama GB 31 kwa sekunde badala ya 50. Angalia mstari wa LnkSta kwenye `lspci -vv`: usome 32GT/s na x16.

Joto si dogo: wati 360 kwa soketi. Kwa kupoza kwa hewa, kasha la 2U linafaa kuliko 1U, lenye nusu ya kimo chake. Chumba kikiwa na joto, kasi ya saa hushuka kimyakimya, kwa hiyo endesha HPL (jaribio la hesabu nzito) nusu saa huku ukitazama GHz kabla ya kuipokea seva.

Kama kazi zenu nyingi zinategemea memori, chukueni EPYC 9684X: soketi ileile, kori 96, kashe ya MB 1152 badala ya 384. Na pale leseni ya programu inapolipiwa kwa kori, 9374F yenye kori 32 inaipa kila kori GB 14.4 kwa sekunde, na ada inabaki theluthi.