TAHADHARI: "6061" ya pembe inayouzwa mtandaoni Dar ni alumini ya madirisha

Wakuu, hasa nyie mnaochongesha vipuri kwa oda. Kuna muuzaji anatangaza mtandaoni alumini ya pembe (yenye umbo la L), anasema yuko Kariakoo upande wa Gerezani. Tangazo lake: "6061-T6 orijino, 50 kwa 50, unene milimita 5, urefu mita 6, tunakukatia bure." Si 6061 (aina ya alumini ngumu ya kubeba uzito; T6 ni kiwango cha ugumu wake), unene si 5, na hiyo "tunakukatia bure" ndiyo mtego wenyewe. Jina silitaji maana ukurasa na namba ya simu anabadilisha kama shati. Mchezo wake ndio haubadiliki.

Ukimuomba cheti cha kiwandani anakirusha WhatsApp papo hapo, na kwa kweli ni cheti safi: magnesiamu, silikoni, shaba, vyote viko kwenye viwango vya 6061. Tatizo ni kwamba namba ya mkupuo (ya toleo la kiwandani) iliyo kwenye cheti huioni popote kwenye mzigo. Mzigo una "6061" iliyoandikwa kwa maka peni, ncha moja tu. Halafu anakuuliza kwa upole, "Bosi, nikukatie vipande vya ngapi?" Unamtajia vipimo, anakata, ncha yenye maandishi inaishia kwenye chakavu chake. Kuanzia hapo huna kipande kizima cha kupima wala kuweka kwenye mizani, na ukirudi kulalamika jibu liko tayari: mzigo ukishakatwa haurudi.

Mimi nilikuwa natengeneza mabano ya kushikilia mota kwenye mashine ya kufungasha unga. Fundi wa milingi (mashine ya kuchonga chuma) alipoanza kuchonga, chenga zilitoka ndefu, laini, zikawa zinagandia kwenye kisu hadi uso ukachanika. Akaongeza mafuta ya taa, hali ikawa ile ile. Akazima mashine akanigeukia: "Kaka, hii ya dirisha." Tukatoboa na kupiga tepu ya M6 (kuchonga meno ya bolti ya milimita 6) kwenye kipande cha majaribio, tukakaza bolti kwa nguvu ya kawaida kabisa. Bolti ilitoka na meno yote ya tundu yakiwa yamejizungusha juu yake, alumini imechomoka kama springi.

Kwa asiyejua tofauti: alumini nyingi ya madirisha na milango ni 6063, mara nyingi katika hali ya T5. Ni nzuri kwa kazi yake, inasukumwa vizuri kwenye tundu la umbo kiwandani na inapendeza ikipakwa rangi. Ila 6063-T5 inaanza kupinda isirudi kwenye mkazo wa kama megapaskali 145, wakati 6061-T6 inafika kama 270. Bano lililopigiwa hesabu kwa 6061 ukilitengeneza kwa ile nyingine, linabeba karibu nusu. Na mota inatikisika kutwa nzima.

Sasa unene. Nikapima kwa venia: 4.3. Tofauti ya sehemu chache sana za milimita ni ya kawaida kiwandani, lakini 0.7 si uvumilivu wa kiwanda, huo ni mzigo mwingine. Hesabu yake ni rahisi. Pembe ya 50 kwa 50 kwa 5 ina uzito wa kama kilo 1.28 kwa mita, kwa hiyo mita 6 ni kilo 7.7. Ya 4.3 inakuja kama kilo 6.7. Kilo nzima imepotea kwenye kila urefu, na ndiyo maana jamaa anauza kwa mita na hataki kusikia habari ya mizani. Ukikuta urefu wa mita 5.8 usishtuke, nyingi hukatwa hivyo ili ziingie kwenye kontena la futi 20. Ila ulipie 5.8, usilipie 6.

Angalizo: mizani inakamata unene tu, haikamati aina. 6061 na 6063 zina uzito sawa kwa ujazo, na sumaku haishiki yoyote kati ya hizo. Kona ya ndani inasaidia kidogo: pembe ya 6061 ya kazi nzito mara nyingi ina mviringo kwenye kona ya ndani, ya mapambo na madirisha kona yake ni kali. Ni dalili, si ushahidi. Kinachosema ukweli ni koleo la kupima ugumu, lile la Webster, au kipimo cha eksirei walichonacho baadhi ya wanunuzi wa chakavu. Kwa eksirei waambie waangalie shaba: 6061 ina asilimia 0.15 hadi 0.40, 6063 haitakiwi kuzidi 0.10.

Malipo nayo: anataka nusu itangulie kwenye namba ya mtu binafsi, Lipa Namba "ina shida leo". Risiti ni ya mkono, imeandikwa "vifaa". Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) inayotaja bidhaa, aina na unene. Akigoma, ondoka na hela yako. Bila karatasi hiyo, ukienda Tume ya Ushindani au Wakala wa Vipimo unaanzia mbali sana.

Waliokwisha kununua, msiitupe. Inafaa kwa vifuniko, kinga za mikanda ya mashine, fremu za vibao. Ila chochote kinachobeba uzito au kushika mota, toeni.

Mwenye koleo la Webster maeneo ya Buguruni au Vingunguti anayepima kwa malipo, aache ujumbe hapa. Kuna watu wamenunua mzigo kama huo na wanataka kuhakikisha kabla hawajauingiza mashineni.