Mlinzi wa Lango Aliniita Bwana

Nimenunua gemu nyingi, lakini sikumbuki kuwahi kukasirishwa na neno moja kama nilivyokasirishwa na hii, niliyoinunua siku chache baada ya Ramadhani kwa sababu tangazo lake liliahidi kwamba kila mchezaji angemuumba mhusika amtakaye, awe wa kike, wa kiume au asiye upande wowote.

Mimi ni mwanamke mwenye sauti nzito. Nikipiga simu kuagiza gesi, huambiwa "sawa kaka, inakuja" kabla sijamaliza kutaja mtaa. Kwa hiyo nilipofika mahali pa kumtengeneza mhusika, nilikaa karibu saa nzima: nikampa mabega mapana, mwanya, na nywele za twende kilioni zilizochorwa kwa ufundi hadi njia za msuko zikaonekana kichwani, jambo ambalo, ukweli usemwe, ni nadra sana kwenye gemu. Nikaweka kwamba ni mwanamke, nikachagua sauti ya chini kabisa, nikaanza safari. Mlinzi wa lango la kwanza akanitazama, akasema kwa Kiingereza, "Karibu, bwana."

Nilidhani nimebonyeza vibaya. Nikaanza upya, na nikaitwa bwana vilevile. Ndipo nilipogundua kwamba gemu haijali ulichojaza. Inasikiliza sauti tu, na mwenye sauti nzito huhesabiwa mwanamume hadi mwisho wa hadithi. Kwetu "amefika" humtosha kila mtu, wala hakuna anayeulizwa jinsia yake ili kitenzi kikamilike. Kiingereza hupenda kuchagua kati ya "he" na "she", na watengenezaji wa gemu hii wakaamua kuchagua kwa kupima koo.

Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja, kwa adabu zote. Baada ya siku kadhaa likaja jibu la mstari mmoja: chagua sauti namba mbili, ndiyo ya wanawake. Ya wanawake! Namba mbili ni sauti nyembamba inayopumua kama imetoka kukimbizwa. Hakuna samahani wala "tumelipokea".

Wala si kazi isiyowezekana. Gemu ya The Sims 4 ilivunja mipaka hiyo mwaka 2016: vitu zaidi ya 700, nguo na mitindo ya nywele miongoni mwake, ambavyo awali vilikuwa vya jinsia moja vilifunguliwa kwa wote, na umbo, mwendo na sauti vikaweza kuchaguliwa bila kufungwa na jinsia. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 nayo hukuachia umbo, sauti na utambulisho kama mambo matatu mbalimbali. Basi hawa wangu walishindwa nini?

Nilikusudia kutoa nyota moja. Kisha nikazikumbuka zile nywele, na namna zinavyolowa mvua ikinyesha mlimani, nikaona nyota tatu ni haki, kwani aliyezichora alimtazama mtu halisi aliyesukwa. Lakini jana mjane mmoja kijijini alinishukuru kwa kumwokolea mbuzi wake, akanibariki "mwanangu wa kiume". Ni moja. Ninaendelea kucheza nikiwa nimezima sauti na kuficha maandishi ya chini, sielewi tena nusu ya hadithi, na mlima wa tatu nimeshaupanda.